Yule "Baba Bora" kwenye picha ya zamani ya Goma ni mimi, ila yule mwanamke si mke wangu

Wakuu, naomba nafasi nijitetee.

Naandika nikiwa hapa Majengo, Goma, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Ninakaribia miaka tisini. Mtu wa umri huu akidanganya, anamdanganya nani na kwa faida gani? Haya yote yalitokea, na mengine yananitia aibu mpaka leo.

Wanaopenda kuruka aya, rukeni. Ila msije kuniuliza maswali huko chini.

Iko hivi. Nimeshitakiwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Deniza anafanya kazi kwenye shirika moja kule Himbi. Jumamosi iliyopita walikuwa na semina ya lazima. Mada: jinsi ya kusawazisha kazi na familia, na kulinda afya ya mfanyakazi asichoke roho.

Semina yenyewe siku mbili. Jumamosi na Jumapili.

Hapo sijaongeza chumvi, wakuu. Siku mbili ambazo mfanyakazi anakuwa na familia yake, ndizo walizochukua kumfundisha umuhimu wa kuwa na familia yake. Na Jumapili hiyo hiyo mtoto wa Deniza, Yoeli, alikuwa apokee komunyo ya kwanza. Deniza akasema atajitahidi "kupita" mwishoni.

Sasa huko kwenye semina, mwezeshaji akawasha projekta, akaonyesha picha ya zamani aliyoiokota mtandaoni. Akasema hata mababu zetu walijali familia, tazameni mfanyakazi wa Goma wa miaka ya hamsini, na mkewe, na kichanga chao.

Deniza akatazama.

Akamwona babu yake. Kijana, tai shingoni, nywele zimegawanywa kwa chanuo. Pembeni yake mwanamke mnene anayecheka meno yote nje, ambaye si nyanya yake. Na mikononi mwa babu, mtoto mchanga mwenye macho ya bluu.

Jioni kikao cha ukoo kikaitishwa sebuleni kwangu. Wajukuu, wakwe, hata jirani mmoja ambaye hakualikwa na alikunywa chai vikombe viwili.

"Muzee," Deniza akanisogezea simu, "huyu mama ni nani? Na huyu mutoto muzungu, ulimuacha wapi?"

Binti yangu wa kwanza, Sukari, ambaye ndiye mama yake Deniza, alikuwa kwenye kona anachambua maharage. Hata kichwa hakuinua.

Niliyowaeleza wao ndiyo ninayowaeleza ninyi.

Miaka hiyo, kabla ya uhuru, nilikuwa karani kwenye kampuni moja ya Wazungu iliyonunua kahawa ya milimani. Jina nalificha. Mods, msinibane.

Nilikuwa mtu mweusi pekee pale mwenye kiti. Wengine walisimama, au walikaa juu ya magunia. Mimi kiti, meza, na mashine ya kupiga chapa. Nilikipenda kile kiti kuliko ilivyofaa. Nikitoka kwenda haja, nilikuwa nakigeukia kuona kama bado kipo.

Bosi wetu tulimwita Bwana Filimbi. Alivaa filimbi shingoni kama refa wa mpira. Filimbi ya kuingia, filimbi ya kula, filimbi ya kutoka. Siku moja mtu alipiga chafya na Bwana Filimbi akatazama saa yake.

Si mtu mbaya sana. Aliamini tu kwamba kila kitu duniani kinaweza kupangwa kwenye karatasi, na karatasi nilikuwa nazipiga mimi.

Mwaka mmoja mke wake, Madamu, akarudi kutoka likizo Ulaya na wazo jipya. Kule amesoma kwamba mfanyakazi mwenye furaha nyumbani anabeba magunia mengi zaidi. Kwa hiyo ikatangazwa kwamba kampuni yetu itakuwa na Juma la Familia. Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa ni kilele: hotuba, picha ya kupeleka kwenye gazeti la kampuni, na zawadi kwa Baba Bora.

Nikaambiwa nipige chapa ratiba na masharti.

Wakuu, nisikilizeni vizuri hapa. Sharti la nne lilisema hivi: katika Juma la Familia, mfanyakazi yeyote haruhusiwi kuondoka kazini kwa sababu za kifamilia.

Nililipiga kwa vidole vyangu mwenyewe. Nakala sita. Sikucheka, sikushangaa. Niliangalia tu kama nimeweka nukta mahali pake, nikajisifu kwamba sikukosea hata herufi.

Sasa turudi kwangu.

Mke wangu Mariya alikuwa mjamzito. Mimba ya pili. Ya kwanza tulijaliwa mtoto wa kiume, akafariki siku ya tano.

Kwa watu wetu, mtoto anapewa jina siku ya nane. Kabla ya hapo jina halitamkwi nje, na mama hatoki ndani. Siku ya nane ikifika, watoto wa majirani wanaitwa. Wanalima kidogo mbele ya nyumba na vijembe vyao, mtu anawarushia maji kama mvua, wanakimbia ndani wakipiga kelele, wanapewa chakula. Kisha kila mmoja anataja jina lake analoona linafaa, majina ya kitoto ya kuchekesha. Mwishowe baba anasema jina lenyewe, na mama anatoka na mtoto wake mwangani.

Mtoto wetu wa kwanza hakufika huko. Tulimzika bila kumwita kitu. Sina namna nzuri ya kuliandika hili. Mariya alikaa miezi akimtaja "ule", basi, "ule".

Kwa hiyo mimba ya pili mama yangu alikuja mwenyewe kumchukua Mariya, akampeleka kwake Kanyaruchinya amlinde. Ninyi wa leo mkisikia Kanyaruchinya mnaona mahema ya wakimbizi. Wakati ule ilikuwa maharage na mtama, na mawe meusi ya volkano katikati. Kutoka mjini ni kama saa mbili kwa mguu, unapanda tu.

Akajifungua Ijumaa. Mtoto wa kike. Habari niliipata Jumamosi kwa mama mmoja aliyeshuka na maziwa, na Jumapili baada ya misa nikapanda mbio.

Mtoto mzima. Analia kwa nguvu. Niliogopa kumshika.

Mimi na Mariya tukanong'onezana jina, midomo imegusa sikio, hata mama yangu asisikie. Tulichagua Neema. Yeye ndiye aliyelipenda, na alikuwa amelitunza tangu mimba ina miezi minne.

"Siku ya munane ni Ijumaa," akaniambia wakati naondoka. "Niko nahesabu. Usichelewe, Papa. Ile siku ikipita bila jina, mie sitalala tena."

Nikamwambia hata mlima ukitema moto nitafika.

Jumatatu, filimbi. Juma la Familia limeanza.

Somo la kwanza: baba na kuogesha mtoto. Lilifanyika baada ya kazi, saa moja nzima, wakati ambao kila mtu angekuwa nyumbani. Madamu alileta mwanasesere mkubwa kutoka Ulaya, mwili wa mpira wa rangi ya waridi, macho ya bluu yanayofumba ukimlaza. Wanaume thelathini, wabeba magunia wenye mabega kama milango, wakapanga foleni kuogesha huyo pupe kwenye beseni.

Papa Batelemi, kapita wetu, yaani msimamizi wa ghala, mwenye watoto saba hai na wazima, alipewa alama mbaya kwa sababu alimshika vibaya shingo.

"Madamu," akasema, "benye niko nabo nyumbani, shingo haikatike hivi."

Madamu akamwambia ajaribu tena kesho.

Somo likiendelea, wake zetu walikuwa chumba cha pili wanafundishwa kudarizi. Watoto wenyewe sasa, wale wa damu, walikuwa nje ya uzio wanachungulia baba zao wanamwogesha mtoto wa mpira. Wa kuwaogesha wao hakuwepo.

Kisha Madamu akamwinua yule mwanasesere juu.

"Mutoto huyu lazima iko na jina," akasema. "Karani, wewe najua kusoma. Toa jina moja muzuri ya hapa."

Watu wote wakanigeukia. Bwana Filimbi yupo, kalamu mkononi. Wakuu, tangu Jumapili kichwani mwangu kulikuwa na jina moja tu, usiku na mchana. Nilitafuta jingine sikuliona. Na kusema "sijui" mbele ya Bwana Filimbi, karani mwenye kiti, sikuweza.

"Neema," nikasema.

Madamu akapiga makofi. Akaenda chumba cha pili, na kabla hatujaachiwa kina mama walikuwa wamelidarizi kwenye kitambaa cha kifuani cha mwanasesere. NEEMA. Uzi mwekundu.

Nikajiambia majina si chumvi kwamba yataisha. Dunia nzima ina kina Neema. Nani atamwambia Mariya? Lakini nilipolala, niliona vibaya rohoni, na nilijua kwa nini.

Jumanne nikagonga mlango wa Bwana Filimbi, kofia mkononi. Nikamwomba konje, ruhusa ya siku moja, Ijumaa. Nikamweleza siku ya nane, watoto, jembe, maji, jina. Nilieleza vizuri, kwa Kifaransa safi kabisa. Yeye akanijibu kwa Kiswahili chao kile cha kuamrisha.

"Konje? Katika Juma ya Familia?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi nafanya hii yote juu ya familia yenu, na wewe nataka kukimbia kwa familia?"

Nikaikunja kofia yangu.

Akafungua ile karatasi yangu, akaweka kidole kwenye sharti la nne. Akaniuliza nani alipiga chapa. Nikasema mimi. Akasema vizuri sana, hakuna kosa hata moja.

Jumatano ikaja Karatasi ya Furaha. Maswali ishirini. Unazungumza na mkeo saa ngapi kwa siku? Unacheza na watoto mara ngapi kwa juma? Kila mtu alipaswa kuijaza kabla ya kurudi nyumbani, na wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo niliwajazia mimi mmoja mmoja mpaka giza likaingia. Watu wakafika nyumbani watoto wamelala. Swali la kumi na mbili lilikuwa: je, unafika nyumbani kabla watoto hawajalala?

Papa Batelemi kwenye swali la kuzungumza na mke alisema niandike: yeye ndiye anazungumza.

Huyu Papa Batelemi alinisubiri nimalize. Tukatoka pamoja.

"Karani," akaniambia, "Ijumaa wewe enda. Mie nitasema uko na tumbo, unaharisha. Nani atakuya kuangalia?"

Hapa ndipo ninapotaka mnihukumu, wakuu. Si pale kwa Bwana Filimbi. Hapa.

Kwa sababu njia ilikuwepo. Mtu mzima, kapita, alijitolea kudanganya kwa ajili yangu. Na mimi nikaanza kupiga mahesabu. Wakijua, kiti kitaenda kwa mwingine. Tena Madamu alikuwa ameninong'oneza kwamba Baba Bora atakuwa mimi, maana nilikuwa na alama nzuri za beseni na mwandiko mzuri. Na watu walisema zawadi ya Baba Bora ni baiskeli.

Baiskeli, miaka ile! Nikajiambia picha ni saa sita, saa saba nimepanda baiskeli yangu, kabla ya saa tisa nipo Kanyaruchinya, Mariya anatoka mlangoni ananiona naingia na kengele inalia.

Nikamwambia Papa Batelemi asante, nitafanya yote mawili.

Akanitazama tu. "Haya, Karani. Utaona."

Ijumaa. Kulipokucha baiskeli mpya ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa ghala, inang'aa. Kila aliyepita aliigusa. Mimi nilijifanya siioni.

Saa sita picha haikupigwa. Mawingu. Mpiga picha akasema tusubiri jua. Saa saba, mawingu. Saa nane Bwana Filimbi akaona asipoteze muda, akaanza hotuba. Ilikuwa juu ya thamani ya muda wa kuwa na familia. Ilichukua saa nzima na dakika tano. Dakika tano za mwisho alizitumia kutukemea kwa kusinzia.

Mimi nilikuwa naona mlima tu, ule upande wa Kanyaruchinya. Sasa watoto wanalima. Sasa wamerushiwa maji. Sasa wanakula.

Saa tisa na robo jua likatoka.

"Baba Bora! Karani!" Madamu akaita. "Bibi yako iko wapi?"

"Iko Kanyaruchinya, Madamu. Alizaa."

"Ah! Muzuri sana! Familia naongezeka!" Akafurahi kweli kweli, machozi kidogo. Kisha akakunja uso. "Lakini picha ni leo."

Akaangalia huku na huku. Akamshika mkono mke wa Papa Batelemi aliyekuwa amesimama karibu, akamweka pembeni yangu. Akatazama tena, akaona bado kuna kasoro. Akaenda, akarudi na mwanasesere, amemfunga kitambaa cheupe kizuri, akaniwekea mikononi.

Basi. Ndiyo picha yenyewe, wakuu. Mke wa kuazima na mtoto wa mpira.

Mama Batelemi anacheka vile kwa sababu mumewe alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, anapiga kelele: "Karani! Bibi yangu, muangalie tu, usimushike!" Ghala zima likacheka. Na mimi ukitazama vizuri, Deniza, utaona sicheki. Nilikuwa nimemlaza yule pupe na macho yake yamegoma kufumba.

Ikaja zawadi. Nikapewa cheti chenye muhuri: Baba Bora. Mpiga picha akafunga vyombo vyake, akatembea mpaka ukutani, akapanda ile baiskeli, akaenda zake.

Ilikuwa yake.

"Na kwa mutoto yako," Madamu akasema, "mimi natoa huyu. Bila kulipa." Akanikabidhi mwanasesere.

Mama yule alikuwa anatoa kwa moyo wake wote. Hilo ndilo linanisumbua. Hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Kila mmoja alikuwa ananipenda.

Saa kumi filimbi ikalia. Nikaanza kukimbia.

Tai shingoni, cheti mfukoni, pupe kwapani. Viatu vya ofisini kwenye mawe ya volkano, mnaoijua ile barabara mnajua. Kila nikikimbia, yule mwanasesere anafumbua na kufumba. Watu waliokuwa wanashuka kutoka shambani walisimama pembeni wakinipisha. Nadhani walifikiri nimemwiba.

Nilipofika kwa mama yangu jua lilikuwa linagusa mlima. Kiraka kidogo cha ardhi kilikuwa kimelimwa mbele ya nyumba, maji yamekwisha kukauka. Watoto walikuwa bado wapo, kumi hivi, wamekaa kwenye mkeka. Mama yangu alikuwa amewalisha mara mbili ili wasiondoke. Walikuwa wameshataja majina yote wanayoyajua na wakaanza kutaja ya mbuzi.

Mlango umefungwa. Mariya bado ndani. Tangu asubuhi.

"Unatoka wapi?" mama akaniuliza. Hakungoja jibu. "Ingia useme jina. Jua ile inaenda."

Lakini watoto walikuwa wameona mwanasesere. Wakanizunguka wote. Hawajawahi kuona kitu kama kile. Na kazi yao siku ile ilikuwa majina, kwa hiyo wakauliza swali moja tu.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikajaribu kugeuza kile kitambaa cha kifuani. Msichana mmoja aliyekuwa anasoma kwa mapadri akanishika mkono, akaweka kidole kwenye uzi mwekundu, akasoma kwa sauti, polepole, kama walivyofundishwa.

"Ne-e-ma. Neema!"

Wote wakadakia: "Neema! Neema!"

Na Mariya alikuwa ndani, hatua tatu tu kutoka mlangoni.

Niliingia. Mariya alikuwa amekaa kitandani, amejipaka mafuta, kitambaa kipya kichwani, mtoto mikononi. Tayari tangu asubuhi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Ile jina uliisema kwa nani?" akauliza.

Nikamweleza. Madamu, wanaume kwenye foleni, beseni. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yanavyotoka na nikatamani ardhi ipasuke.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza:

"Basi iko na mwenyewe. Mutoto wangu hatavaa nguo ya pupe."

"Mariya, nitatafuta ingine, sasa hivi."

"Apana. Wewe ulikuwa kazini." Akasimama. "Hawa batoto balikuya. Balilima, balingoya siku nzima. Wacha bape jina bao."

Akanipita, akafungua mlango, akatoka na mtoto kwenye jua lile lililobaki kidogo. Akawauliza watoto: nani kati yenu ni mdogo kuliko wote? Wakakisukuma mbele kitoto kimoja cha kike, miaka mitatu au minne, mdomo una uji. Mariya akakiambia kimpe mtoto jina.

Kitoto kile kikafikiri. Kilikuwa kimeonjeshwa siku ile kitu ambacho hakijawahi kuonja.

"Sukari," kikasema.

Na jua likazama. Ndilo jina. Padri baadaye alinung'unika kwenye ubatizo, akaongeza la mtakatifu, lakini hakuna aliyewahi kulitumia.

Mimi kwenye siku ya nane ya mwanangu sikusema neno hata moja. Nilisimama pembeni na pupe kwapani, mfukoni nina cheti cha Baba Bora.

Nikalia. Nyuma ya nyumba, penye migomba. Nilidhani hakuna aliyeniona.

Mwanasesere tuliwaachia wale watoto. Wakamchezea mpaka akakatika shingo, ile ile aliyoilalamikia Papa Batelemi. Mwezi uliofuata Bwana Filimbi alipeleka ripoti Ulaya kwamba furaha ya wafanyakazi imepanda. Najua kwa sababu ripoti niliipiga chapa mimi, kwenye kile kiti. Sikuacha kazi, wakuu. Ningependa niwaambie niliacha. Nilikuwa na mtoto wa kulisha.

Sasa nirudi sebuleni, Jumamosi.

Nilipomaliza, hata jirani wa chai alikuwa ameweka kikombe chini. Mimi nilikuwa namwogopa mtu mmoja tu. Miaka yote hii nilimwambia Sukari kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mtamu. Mariya alikuwa ananisikia nikisema, na hakunisahihisha hata siku moja, mpaka tulipomzika.

Sukari akaweka sinia la maharage chini.

"Papa," akasema, "mama alinielezaka hii yote mbele sijaolewa. Na pupe, na cheti, yote. Aliniambia: usimuulize, siku moja atasema mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuwahi kunigusia.

"Alisema ulilia nyuma ya migomba. Alikuona." Akarudisha sinia mapajani. "Mie nilikuwa nangoya tu."

Kwa hiyo nilichelewa mara mbili. Mara ya kwanza kwa saa chache, mara ya pili kwa maisha ya Mariya mazima.

Jumapili Deniza hakwenda semina. Alikaa benchi la tatu kanisani, nyuma ya Yoeli, simu imezimwa. Jumatatu akaitwa ofisini kueleza kwa nini alikosa siku ya pili, siku yenye somo la kuwa karibu na watoto. Wamempa karatasi ajaze. Ina maswali ishirini, nimeyahesabu mwenyewe.

Nililojifunza ni dogo. Bosi anayekupenda kwenye karatasi bado ni bosi, na karatasi yake utaitia saini wewe. Sharti la nne nililipiga kwa mkono wangu, na njia ya Papa Batelemi niliikataa kwa mdomo wangu. Hayo mawili Bwana Filimbi hayumo.

Haya, wenye semina za mwisho wa juma, wenye mabosi wa filimbi na wa barua pepe, tupeni yenu hapa chini. Wa kunitukana pia karibuni, nina muda.

Ila kama leo mtoto wako ana jambo lake, usinijibu. Nitaona jina lako halipo na nitafurahi.